Bomba Lililokatwa Kando ya Tangi la Ute

Kila anayeajiriwa katika kituo chetu cha kusafisha maji huuliza swali lilelile kabla hajazoea hata kufunga koki. Ukutani, kando ya tangi la kuchanganyia dawa, limetokeza bomba fupi lililokatwa kwa msumeno na kuzibwa kwa kifuniko cha chuma. Bomba hilo linatoka kwenye kisima kirefu cha uani, chenye pampu nzima na maji tele. Lakini nyinyi mnaambiwa mbebe mpira mrefu, muuburute kupita vichujio vyote, mkachote maji kwenye tangi kuu upande wa pili wa kiwanja. Mnalalamika, na mna haki, maana mpira ule ni mzito na una tabia ya kujizungusha miguuni. Mkimuuliza mkuu wa kituo, Bwana Egessa, anasema ndivyo kazi inavyofanywa hapa, kisha anaangalia simu yake ambayo haijalia.

Mimi nimeshastaafu. Mlinipa saa kubwa ya ukutani siku ya kuniaga, sijui mnataka niwahi wapi. Katika hotuba zile mlitaja vyeo nilivyopewa, na wengine mlivikosea, lakini hakuna aliyetaja bomba. Nimeona nikae hapa nyumbani Tororo niliandike mwenyewe, kwa sababu ndilo jambo kubwa lililowahi kunipata kazini. Egessa nimemwomba ruhusa. Amesema niandike, ila nisimfanye mjinga kuliko alivyokuwa.

Nianze na siku niliyoripoti. Kituo wakati huo kilikuwa na hodhi mbili za kutuamisha tope, vichujio vya mchanga, na chumba kimoja walichokiita maabara kwa sababu kilikuwa na sinki. Mtu wa maabara alikuwa Mzee Wandera, mkemia kutoka Busia upande wa Kenya, mrefu, mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likawa la kijivu. Nilikuwa na diploma yangu mpya na viatu vya visigino. Aliviangalia viatu, akaangalia sakafu. Sikufika mbali. Karibu na tangi la dawa kulikuwa na tone moja la ute, nikateleza nikakaa chini mbele ya wafanyakazi wote.

"Sasa mmejuana," Mzee Wandera akaniambia, akanipa mkono.

Ute ule ndio polima. Inakuja katika magunia, unga mweupe kama sukari ya kusagwa, na ukiukoroga kwenye maji unakuwa mzito wa kuvutika kama mlenda. Sisi tunautumia baada ya shabu. Shabu inakusanya chembe za tope ziwe vidonge vidogo, lakini mto wetu ukijaa, vidonge hivyo havina haraka ya kuzama. Ute ndio unaoviunganisha kuwa mabonge makubwa, yashuke chini ya hodhi, maji ya juu yabaki meupe. Kazi yenu yote mnayoifanya pale kituoni, kwa ufupi, ni kuyashawishi matope yashuke.

Siku ileile ya kwanza, nikiwa bado na doa la ute kwenye sketi, Mzee Wandera alinionyesha kifaa ambacho baadaye alinirithisha. Ni bomba jembamba la kioo lililosimamishwa kwenye stendi, lenye alama mbili, moja juu na moja chini. Unalijaza, unaachia, unaangalia kimiminika kinavyoshuka kutoka alama hadi alama. Alilijaza ute aliouchanganya kwa maji ya maabara, yale yaliyotoneshwa yasiyo na madini yoyote. Ulishuka polepole mno, nikadhani bomba limeziba. Kisha akafungua kikaratasi alichofungia chumvi ya kulia mayai yake ya mchana, akachovya vidole, akatia punje kidogo kwenye ute uleule, akatikisa, akajaza tena. Safari hii ulishuka kama maji ya kunywa.

Nilimwambia chumvi imekata nyuzi za polima. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na uhakika.

"Hakuna kilichokatika, Athieno," akasema. "Uzi ni uleule, na urefu wake ni uleule. Umejikunja tu."

Kisha akanieleza, na maelezo yake ndiyo ninayowapa nyinyi, maana sijapata bora. Kila uzi wa polima yetu umejaa chaji hasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi huo ukiwa kwenye unga umeshikamana na ioni za sodiamu, zenye chaji chanya, na pande zote mbili zimetulia. Ukiutia kwenye maji mengi yaliyo laini, yaani yasiyo na madini mengi, sehemu kubwa ya ioni zile zinauachia uzi na kuelea huku na huko, ingawa haziendi mbali, na nyingine zinabaki zimeung'ang'ania. Uzi unabaki na chaji zake hasi waziwazi, nazo hazipendani. Fikiria, alisema, wake wenza waliokalishwa benchi moja. Kila mmoja anajisogeza mwenzake asimguse, na benchi linajaa ncha hadi ncha. Ndivyo uzi unavyonyooka. Sasa lete wageni wengi wenye chaji chanya, uwakalishe katikati yao. Hawaonani tena, hawana sababu ya kukaa mbalimbali, na wote wanarundikana pembeni. Uzi unajikunja kama kidonge cha pamba. Mzee Wandera alikuwa na wake wawili, kwa hiyo sikubishana naye.

Uzi ulionyooka unafika mbali. Ncha moja inashika kidonge cha tope hapa, ncha nyingine inashika kingine kule, bonge linajengeka. Uzi uliojikunja unajishika wenyewe. Ndiyo maana ute kidogo uliochanganywa vizuri unafanya kazi kuliko ute mwingi uliochanganywa vibaya, na ukiupunguza kwa maji laini haulegei kama unavyotarajia, kwa sababu kadiri unavyoupunguza ndivyo ioni zinavyopata nafasi ya kwenda zao na nyuzi zinavyozidi kunyooka. Jambo hili lilinichukua muda kulikubali. Linapingana na kila kitu mama yangu alichonifundisha kuhusu uji.

Mambo mengine ya Mzee Wandera mtayapata kwa wenzenu. Mkorogo uwe wa taratibu, kwa sababu pangaboi la kukorogea likienda kasi ndilo linalokata nyuzi kweli. Unga unyunyizwe kama unavyonyunyiza unga wa sima, usimwagwe wote kwa pamoja ukafanya macho ya samaki, yale madonge yasiyolowa ndani. Ute uachwe uive kabla ya kutumiwa. Na kila asubuhi chovya vidole viwili, uvitenganishe, uone kama uzi unavutika. Alipostaafu akarudi kwao ng'ambo, aliniachia bomba la kioo, stendi yake na kikaratasi cha chumvi. Sikujua kwamba kikaratasi ndicho nitakachokihitaji zaidi.

Sasa nije kwenye msimu wenyewe, mimi nikiwa ndiye msimamizi wa kituo. Mvua zilikuwa zimenyesha hadi vyoo vya sokoni vikafurika, na mpakani watu wakaanza kuugua kipindupindu. Hospitali ilisimamisha mahema nyuma ya wodi. Mama yangu alikuwa ametoka Kirewa na magunia ya simsim ya kuuza, akafikia kwangu. Alikula kitu sokoni ambacho hadi leo anakataa kukitaja, kwa sababu mimi nilikuwa nimemkataza kula vya sokoni. Alipoletwa hospitalini macho yalikuwa yameingia ndani na sauti imekwisha. Muuguzi aliniambia jambo moja tu, kwamba dripu zipo, lakini wagonjwa wale wanahitaji maji safi ya kunywa na chumvi ya kuchanganya, na maji ya kuoshea kila kitu, wakati wote bila kukatika. Maji yao yalitoka kwetu. Nililitazama bomba la hema lile likitiririka, nikajua tangi linalolijaza liko wapi na ufunguo wa koki yake uko mfukoni mwangu.

Nilirudi kazini kwa sababu hapo ndipo nilipoweza kumsaidia. Egessa wakati huo alikuwa fundi wa zamu ya kuchanganya dawa, Msamia kutoka Buteba, mwenye mikono mizito na moyo mwepesi, aliyejua mashine kwa kuzisikiliza. Aliniuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia ukweli, kwamba akikosa maji nitamzika. Akatikisa kichwa akaenda kwenye tangi lake. Mlikumbuke jibu hilo nililompa, maana lilifanya kazi.

Mto ulizidi kuja mwekundu. Mwanzoni mabonge yalishuka kama kawaida, kisha yakaanza kuwa madogo. Nilisimama kwenye hodhi nikaona vumbivumbi linaelea, halijui liende chini au lifuate maji. Likafuata maji. Vichujio vikaanza kujaa kabla ya wakati, tukawa tunavioshea maji yaleyale tuliyotaka kuyaokoa. Kipima tope kilipanda. Nikamwambia Egessa aongeze ute, akaongeza, na hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu ute usioshika tope unakwenda kushika mchanga wa vichujio. Kufikia asubuhi ya siku iliyofuata, kichujio kimoja kilikuwa kigumu kama ubao na maji yaliyotoka kwenye vingine yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nilisimamisha uzalishaji. Katika tangi kuu kulikuwa na maji safi yaliyobaki, si mengi. Nilifunga koki ya mji, nikaacha ya hospitali peke yake.

Haikuchukua muda simu ya meneja ikaingia kutoka ofisi ya wilaya. Sitamtaja jina, naye siku ile alikuwa na watu wazito nyuma yake. Alisema mji mzima unapiga kelele, watu wamekwenda kuchota mtoni, nifungue nipeleke maji yale ya rangi ya chai na niyatie klorini maradufu. Nilimweleza kwamba klorini ikikuta tope inamalizwa na tope kabla haijafika kwa vijidudu, na vijidudu vinajificha ndani ya chembe. Ukimpelekea mtu maji kwenye bomba, anayaamini. Ya mtoni angalau atayachemsha.

"Madam Athieno," akasema, "mama yako yuko wapi?"

Nilimwambia yuko hospitalini, na kwamba yeye meneja analijua hilo.

"Basi watu watasema umefunga mji ili yeye anywe."

Alinipa hadi jioni. Baada ya hapo angemtuma mtu mwingine aje kufungua, na mimi nikakae na mgonjwa wangu. Nilikata simu. Alikuwa amegusa mahali penyewe. Nilijiuliza kama ningefunga mji ule endapo mama angekuwa Kirewa akipepeta simsim, nikajijibu ndiyo, lakini sikuweza kulithibitisha kwa mtu yeyote, hata kwangu mwenyewe. Nilichoweza kufanya ni kutafuta kasoro iko wapi kabla ya jioni.

Niliingia maabara nikafanya jaribio la vikombe. Mnalijua; vikombe vya kioo vimepangwa mstari, kila kimoja na pangaboi lake dogo, unatia maji ya mto, shabu, kisha ute kwa viwango tofauti. Nilichanganya ute kutoka gunia lilelile, kwa mikono yangu. Mabonge yakaja makubwa ya kufurahisha, yakashuka, maji yakabaki meupe katika kila kikombe. Nikarudia. Yakashuka tena. Mto ni uleule, shabu ni ileile, gunia ni lilelile, na nje ya dirisha hodhi nzima ilikuwa uji. Sijawahi kuchukia kikombe cha maji safi kama nilivyovichukia vile.

Nilianza kutilia shaka kila kitu kwa zamu. Pampu ya dawa ilikuwa inasukuma vizuri. Pangaboi la tangi lilikuwa la taratibu, Egessa hakuwa mtu wa kukata nyuzi. Labda sehemu ya chini ya gunia ilikuwa imeingia unyevu. Nilikwenda kwenye tangi la ute, nikachovya vidole viwili nikavitenganisha. Hakuna kilichovutika. Ulidondoka kama maji ya kunawa.

Hapo ndipo nilipopaswa kujua, lakini hofu inamfanya mtu awe mzito. Nilichota ute ule nikaujaza kwenye bomba la kioo la Mzee Wandera. Ukapita mbio. Nikajaza ule nilioutengeneza kwa maji ya maabara, ukashuka kwa madaha. Unga mmoja, kipimo kimoja. Nilikaa kwenye stuli nikaangalia bomba lile, nikaona kama naona koti la kijivu na mayai ya kuchemsha. Nikafungua kikaratasi, nikatia punje za chumvi kwenye ute wangu mzuri, nikaujaza upya. Ukapita mbio kama wa tangi.

Hakuna kilichokatika. Umejikunja tu. Kuna wageni wamekaa katikati.

Sasa swali likawa wageni wametoka wapi. Maji yetu ya tangi kuu ni ya mto, ni laini, sabuni inatoa povu hadi unachoka kusuuza. Nilichukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikakwenda kwenye mpira uliokuwa unajaza tangi la ute, nikakinga maji kwenye ndoo nikasugua. Povu halikuja. Yalikuja mabaki meupe yanayoelea kama maziwa yaliyokatika. Kituo kizima kinayajua maji hayo. Ni ya kisima cha uani, yametoka kwenye mwamba, yamejaa kalisiamu na magnesiamu. Kuyafulia ovaroli ni mateso. Lakini ni baridi, ni meupe, yana ladha, na chai yetu yote tulipikia hayo. Ukimwuliza yeyote pale yapi ni maji mazuri kuliko yote, angekuonyesha kisima.

Na kalisiamu ni mgeni mbaya kuliko chumvi ya mezani. Ioni ya sodiamu ina chaji moja. Ya kalisiamu ina mbili, kwa hiyo moja inaweza kushika sehemu mbili za uzi na kuzifunga pamoja. Haihitajiki nyingi.

Nilifuata mpira ule hadi ukutani. Bomba la kisima lilikuwa limeungwa vizuri, kwa ustadi wa mtu anayejua kazi yake. Nikamwita Egessa, nikamwuliza nani ameunga hapa. Akasema ni yeye. Nikamwuliza tangu lini. Tangu siku ile uliyosema mambo ya mama, akanijibu. Sikumwelewa, nikamwuliza kwa sauti ambayo sijivunii.

"Madam, mimi niliona tangi nakwisha," akasema. "Hii dawa nakunywa maji mingi kila siku. Nikasema, hapana, maji ya tangi ibaki ya mama. Dawa nitaipatia ile ya kisima, ile mzuri. Mimi sikutaka ikose."

Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilikuwa na maneno makali tayari, nikayaacha. Mtu huyu alikuwa ameyachukua maji tuliyoyathamini sisi wenyewe, ya chai yetu, akayapa matope, ili yale ya bomba yamfikie mwanamke asiyemjua. Na kwa kufanya hivyo alikuwa ameufunga mji. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumsukuma hodhini, na sikufanya lolote.

Nilimwambia amwage tangi zima la ute, alisuuze, aanze upya. Akauliza kwa maji gani. Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake na mapipa ya watu yalikuwa matupu. Mto ulikuwa uji. Kisima ndicho kilichotufikisha pale. Maji laini pekee yaliyokuwepo yalikuwa kwenye tangi kuu, yale ya hospitali, na ute wa kutosha hodhi mbili ungeyapunguza sana. Nikikosea, nikigundua baadaye kwamba kasoro ilikuwa mahali pengine, bomba la hema lingekauka kabla ya asubuhi. Ningekuwa nimeyanyima maji mahema yote, na la mama yangu likiwa mojawapo, kwa ajili ya punje za chumvi kwenye kioo.

"Madam, hiyo ni ya mama," Egessa akasema.

"Najua ni ya nani. Vuta mpira."

Aliuvuta kutoka upande wa pili wa kiwanja, kupita vichujio, njia ileile mnayoipita nyinyi. Nilifungua koki mwenyewe. Nilitaka iwe mkono wangu, ili kama mambo yataharibika asibebe tena mzigo mwingine.

Egessa alinyunyiza unga kama anamwaga majivu kwenye miche. Kisha tukangoja, kwa sababu ute haukimbizwi. Nyuzi zinahitaji muda wa kulowa, kuachiana, kunyooka. Meneja alipiga simu nikaiacha ilie. Muuguzi alipiga nikaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Aliuliza mbona mkandamizo wa maji umeshuka, kuna tatizo? Nilimwambia avumilie kidogo. Nikamwuliza kuhusu mama. Akasema amekunywa, amelala. Egessa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiangalia pangaboi likizunguka.

Nilipochovya vidole, uzi ulivutika. Mwembamba, mrefu, ulikataa kukatika hadi mikono yangu ikawa mbali. Nilifungua dawa hodhini. Kwa muda hakukuwa na kitu, maji yaliendelea kuwa ya rangi ya chai na mimi niliendelea kusali kwa Kidhopadhola, lugha ninayoitumia nikiwa sina njia nyingine. Kisha kona ya hodhi ikaanza kuonekana kama inaganda. Vumbi likawa punje, punje zikawa mabonge, mabonge yakaanza kuzama taratibu, moja moja, kisha yote. Nikaona ukuta wa hodhi chini ya maji, na ufa wa zamani uliozibwa kwa saruji, ufa ambao sikuwahi kufikiri nitafurahi kuuona. Egessa alisimama, akavaa kofia yake, akaivua tena.

Ilibidi tuvioshe vichujio kabla ya chochote, na kichujio kile kigumu kilitusumbua. Lakini jua lilikuwa bado juu nilipofungua koki ya mji. Meneja alipiga tena, nikapokea, nikamwambia maji yanakwenda. Alisema vizuri. Hakuomba radhi na mimi sikumsubiri. Watu walisema walichosema; wako wanaoamini hadi leo kwamba nilifunga mji kwa ajili ya mama yangu, na wengine walinisifu kwa hilo, jambo lililoniudhi zaidi.

Siku iliyofuata nilimkuta Egessa ukutani na msumeno. Sikuwa nimemwagiza. Alilikata bomba la kisima, akalipiga kifuniko, akalisukasuka kuhakikisha. Nikamwambia angeweza kulifungua tu na kuliweka stoo. Akasema bomba la stoo lina miguu, siku moja litarudi. Hakutaka mtu mwingine mwenye moyo mzuri aje alione liko pale, karibu, tayari. Kwa hiyo mnapouburuta mpira, msidhani ni ukaidi wa mkuu wa kituo. Anamlinda mtu kama yeye alivyokuwa siku zile.

Mama alipona. Nilimweleza kisa chote nilipomrudisha Kirewa, pamoja na kosa la Egessa na sababu yake. Alisikiliza, akauliza jina la mtu huyo na kwao ni wapi, basi. Tangu hapo, kila akivuna simsim anafunga ya Egessa kando na kuniambia niipeleke. Mimi binti yake nagawiwa inayobaki.

Kuna jambo moja ambalo Egessa halijui, na atalisoma hapa pamoja nanyi. Asubuhi ile alipokuwa anakata bomba, nilipanda kuangalia kina cha tangi kuu. Kilikuwa kimeshuka karibu na mwisho, lakini hospitali haikukauka hata kidogo. Nikakaa pale juu nikapiga hesabu kichwani. Maji niliyoyachota kuchanganya ute mpya yalikaribiana sana na yale ambayo ute wa siku zilizopita ungeyanywa, kama asingeuhamishia kisimani. Asingeyaweka, nisingekuwa na maji ya kurekebishia kosa lake na hema lisikauke. Niliteremka kwenye ngazi nikamkuta anafuta vumbi la chuma, nikamwambia ahakikishe mpira umekunjwa.

Sikumwambia, kwa sababu alikuwa na miaka mingi ya kuchanganya dawa mbele yake, na fundi aliyewahi kusikia kwamba kosa lake lilisaidia hawezi kuaminiwa karibu na bomba. Niliona afadhali aogope. Aliogopa vizuri, na ute wa kituo hiki haujawahi kulegea tena mikononi mwake.

Sasa mimi nimetoka, na yeye sasa anasimamia, hachanganyi. Maji yale uliyoyaweka kwa ajili ya mama yangu yalimfikia, Egessa. Asante.